Presha ya mimba ya kwanza: nilikosea wapi?

Mama_Tarajali: Habari zenu wapendwa. Mwaka jana nilijifungua kwa operesheni, mimba ikiwa na wiki 33. Presha ilifika 170/110, kwenye mkojo wakakuta protini, kichwa kiligonga mpaka naona nyotanyota. Mwanangu aliishi siku mbili. Mama mkwe anasema ni chumvi na hasira zangu, shangazi anasema kuna mkono wa mtu. Sasa nina mimba tena, wiki ya 10, anayejua ni mume wangu tu. Ile hali huletwa na nini hasa? Ni mimi?

BintiPangani: Pole sana dada. Hata mimi niliambiwa nimerogwa. Wa pili nilimzaa salama, nikisimamiwa na daktari toka mwanzo.

Mkunga_Mstaafu: Pole mwanangu. Hukukosea popote, na wala hakuna aliyekuroga. Hali hii huanzia kwenye kondo la nyuma, tena mapema, tumbo bado halijaonekana. Mishipa ya mji wa mimba inayolisha kondo inatakiwa itanuke sana. Kwa wengine hubaki myembamba. Kondo likikosa damu ya kutosha, humwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyojeruhi kuta za mishipa mwili mzima. Hapo presha hupanda, figo huvujisha protini, na ubongo ukiguswa ndiyo kifafa cha mimba chenyewe. Huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza, mapacha, kisukari, ugonjwa wa figo, presha ya zamani, unene, au ambao mama au dada yao aliipata.

Aliyeipata mara moja inaweza kumrudia, kwa hiyo usifiche mimba. Nenda kliniki wiki hii. Aspirini ya dozi ndogo hupunguza hatari, na huanzwa kuanzia wiki ya 12, vizuri kabla ya 16. Daktari akuandikie, usijinunulie dukani. Uliza na kalsiamu.

BabaWatatu: Mke wangu hakuumwa popote. Kipimo cha kliniki tu ndicho kilionyesha 150/100. Msiruke mahudhurio.

Mama_Tarajali: Nimelia sana kusoma haya. Kesho naenda na mume wangu. Nibebe kadi ya zamani?

Mkunga_Mstaafu: Ibebe. Na kichwa kikiuma bila kutulia, macho yakiona ukungu, uso ukivimba ghafla au ukaumwa chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali hata usiku wa manane. Hata ukishajifungua, mpaka wiki 6 zipite.