Holda moja ya sumaku kwa drili ya chaji, impakti na drili ya zege: nichukue ipi?

Fundi_Cheyo (Tabora)

Wakuu, poleni na kazi. Nina mashine tatu za betri, kila moja ya kampuni yake:

– drili ya volti 12, mdomo wa meno matatu, mwisho mm 10
– impakti (ya kufungia skrubu kwa mapigo) ya volti 18, ule mdomo wa pembe sita wa kuvuta kola
– drili ya kutobolea zege, mdomo wa SDS

Kazi ni mizinga ya nyuki ya kisasa (paini, mara nyingine mninga), milango, na kupiga bati. Nataka holda ya sumaku (kishikio cha biti, ile ncha ya kufungia skrubu) ihame kutoka mashine moja kwenda nyingine, ikizidi sana ziwe mbili. Dukani kuna fupi ya sm 6 yenye sumaku tu, kuna ya urefu huohuo yenye kola ya kuteleza, na kuna ndefu ya sm 15. Muuzaji anasema zote zinaingia kila mashine.

Swali la pili: ninayotumia sasa, nikivuta mashine biti inabaki kwenye kichwa cha skrubu. Sumaku imechoka, au ni kitu kingine?

Pembe6

Muuzaji kasema nusu ya ukweli. Zote zitaingia. Swali ni ipi itashikwa.

Sahau jina la kampuni ya mashine, angalia mkia wa holda, ile sehemu inayoingia kwenye mashine. Unaotakiwa ni wa pembe sita, robo inchi, yaani mm 6.35 kutoka ubapa hadi ubapa wa upande wa pili. Ukipima kwa vania (kipimo cha taya cha milimita) ukakuta 6.2, iache palepale. Itacheza ndani ya impakti, na kwa yale mapigo itakula kona za mdomo, na mdomo wa impakti si kitu cha kununua kila siku.

Baada ya unene, tafuta mfuo uliozunguka mkia. Ndani ya impakti kuna gololi ndogo zinazoangukia humo, na ndizo zinazozuia holda isichomoke. Mkia mnyoofu usio na mfuo utafanya kazi vizuri tu kwenye drili ya meno matatu, kwa sababu meno yanabana ubapa mmoja na kuruka mmoja. Kwenye impakti utachomoka mara ya kwanza unapovuta. Kwa hiyo holda yenye mfuo ndiyo inayohama, isiyo na mfuo ni ya mashine moja.

Kuna mtego mwingine hapo. Mfuo hauko umbali mmoja kwa biti zote. Vitabu vya impakti za Makita, kwa mfano, vinataja mikia miwili: mfupi wa vipimo vya mm 12 na 9, na mrefu wa 17 na 14. Mdomo wenye tundu refu ukiutia mkia mfupi, unatakiwa uweke kwanza kile kipande kidogo cha chuma cha kujazia ndani, ambacho watu wengi hukitupa pamoja na boksi. Holda nyingi za madukani ni za mkia mfupi. Ukitaka kujua bila kupima, ingiza holda, achia kola, kisha tazama: kola isiporudi mpaka mwisho wake, gololi hazijaingia kwenye mfuo. Vuta kwa mkono. Ikitoka, hiyo si ya mashine yako, au umekosa kipande.

Drili ya zege iondoe kwenye hesabu. Mkia wa SDS ni wa mviringo wa mm 10 wenye mifereji, na umetengenezwa uteleze mbele na nyuma ili nyundo igonge. Adapta ya kutoka SDS kwenda pembe sita ipo, lakini ncha itayumba kwa sababu huo mchezo haukwepeki. Ukilazimika, zungusha swichi kwenye alama ya kuzungusha tu. Nyundo ikiwaka, sumaku iliyo ndani ya holda inaweza kupasuka vipande, maana sumaku hizi zenye nguvu ni ngumu lakini ni dhaifu kwa kugongwa, kama kigae.

Swali la pili: sumaku huenda ni nzima. Kazi yake ni kushika skrubu isidondoke kabla haijaanza kuuma. Kuishika biti, kwenye holda nyingi, ni kazi ya ringi. Chungulia ndani ya tundu la holda, utaona waya mwembamba umekunjwa kama herufi C. Biti nzuri ya mm 25 ina vikato vidogo kwenye kona zake sita, na ringi inakaa humo. Ringi ikivunjika au ikitoka, sumaku inabaki peke yake, na biti ya nyota iliyokazwa sana hunata kwenye kichwa cha skrubu kuliko sumaku inavyovuta. Kuna na sababu ya kijinga zaidi: chenga za chuma zimejaa chini ya tundu, biti haifiki chini, haigusi sumaku wala haifikii ringi.

Nunua ya sm 6 yenye kola ya kuteleza. Ile inafunga biti kwa gololi, haitegemei ringi. Ubaya wake ni unene. Kwenye kona ya bawaba au ndani ya droo kola inagonga mbao kabla biti haijafika, kwa hiyo usiitupe ile nyembamba.

mzee_wa_site

Chukua ya sm 15 ukae kwa amani. Inafika kila mahali.

Randa_Urambo

Inafika, lakini inafikaje? Mkia ukilegea nyuzi 1 tu ndani ya mdomo, ncha ya holda ya mm 60 inahama kama mm 1, ya mm 150 inahama mm 2.6. Kwenye skrubu ya nyota hiyo inatosha biti kuruka na kuchana kichwa. Ndefu ni ya mahali ambapo mashine yenyewe haiingii, basi.

Kwenye mninga, kabla hujalaumu holda angalia tundu. Skrubu ya mm 4 itobolee kwanza kwa mm 2.5 hadi 3, paini mm 2 inatosha. Bila tundu, impakti itaendelea kugonga mpaka kitu kikatae: shingo ya skrubu, ncha ya biti, au holda. Na hakikisha nyota ni nyota yake. Skrubu nyeusi za jipsamu ni PH2 (nyota ya Phillips, saizi ya 2). Zile za njano za mbao mara nyingi ni PZ2 (nyota ya Pozidriv), utaona mistari minne midogo katikati ya mikono ya msalaba. PH ndani ya PZ inaingia vizuri tu, inakudanganya, halafu inaruka ukishafika robo tatu.

Drili ina klachi (ile ringi yenye namba inayoachia nguvu ikifika kiwango), impakti haina. Kwa bawaba na mbao nyembamba za fremu za mizinga tumia drili, anza na namba ndogo upandishe mpaka kichwa kilale sawa na mbao.

Boti_Kibirizi (Kigoma)

Wadau wa bara mnaongelea skrubu za chuma. Huku ziwani kwenye boti za mbao tunatumia shaba ya njano na stenlesi, na shaba haishikwi na sumaku hata kidogo. Stenlesi ya daraja la A2 na A4 nayo ni hivyohivyo, au inavutwa kidogo mno kiasi kwamba haisaidii. Kwa kazi hiyo usilipie sumaku. Lipia holda yenye mrija wa kuteleza unaofunika skrubu na kuishika wima mpaka ianze kuingia.

Njia rahisi zaidi mnayo nyinyi Tabora: nta ya nyuki. Chovya ncha ya biti kwenye nta kidogo, skrubu itanata. Paka na kwenye nyuzi zake, itaingia kwa nguvu ndogo. Sabuni inafanya kazi hiyohiyo lakini inavuta unyevu, na skrubu ya chuma itaota kutu ndani ya mbao. Shaba usiipige kwa impakti. Inakatika shingoni kabla mkono haujajua. Tanguliza skrubu ya chuma ya saizi ileile ichonge njia, itoe, kisha weka ya shaba kwa drili au bisibisi.

Fundi_Cheyo (Tabora)

Asanteni sana. Nimejaribu alichosema Pembe6: kola ya impakti inarudi mpaka mwisho, holda haitoki, mkia ni 6.33. Kwa hiyo hapo niko salama. Ringi ndani haipo kabisa.

Kwenye bati je? Niweke soketi ndogo ndani ya hiyohiyo holda?

Pembe6

Hapana, usibebeshe soketi juu ya holda, unaongeza kiungo kingine cha kuyumba. Nunua soketi ya sumaku yenye mkia wake, uwe na mfuo uleule. Hiyo ndiyo ya pili kwenye zile mbili zako.

Pima kichwa cha skrubu kwanza. Skrubu nyingi za bati zina kichwa cha 5/16 ya inchi, yaani mm 7.94, soketi ya mm 8 inakaa. Zile nene za mbao zinaweza kuwa na 3/8, ambayo ni mm 9.53. Hapo soketi ya mm 10 ina nafasi ya karibu nusu milimita na itazungusha kona za kichwa. Tafuta iliyoandikwa 3/8.

Soketi ya sumaku inachafuka kuliko holda, kwa sababu skrubu inayojitobolea inatema chenga na sumaku inazikusanya zote. Chini ya tundu zikijaa, kichwa hakizami, soketi inashika nusu, inaruka na kukwangua rangi ya bati. Kila baada ya skrubu chache gonga soketi kwenye kipande cha mbao. Zilizobaki zitoe kwa donge la nta au utepe wa karatasi wenye gundi, bonyeza ndani, vuta. Kidole usitie.

Kuhusu kukaza, tazama raba chini ya washa. Ikitokeza kidogo tu pembeni, achia trega. Ikifura na kutoka nje, umeshaizidishia. Jua litaipasua na hapo ndipo patavuja.

Randa_Urambo

Nyongeza. Biti ikikwama ndani ya holda ya impakti, usichome moto kuilegeza. Sumaku ya kawaida ya neodimiamu inaanza kupoteza nguvu kwenye joto la nyuzi 80 za Selsiasi tu. Bana biti kwenye jiliwa, tia mafuta mepesi, subiri, kisha gonga holda kutoka nyuma kwa nyundo ndogo huku ukiivuta. Ikitoka angalia kona za biti: zikiwa zimejisokota, ndizo zilizokwama. Itupe, ukiirudisha itakwama tena na safari hiyo itapanua tundu.

mzee_wa_site

Haya, ya sm 15 nawaachia. Nta nimeichukua.