Tupeane uzoefu: vitenzi vya Kiingereza vyenye up, off, in na wenzao

Wakuu, leteni jozi zinazowachanganya watu, na mseme mtu anateleza wapi. Maana ya kamusi peke yake haitoshi.

Sarufi Tupu
Naanza na pick na pick up, maana hili ni letu Afrika Mashariki. "Pick me at the airport" Mwingereza ataielewa, ila kwake pick ni kuchagua au kuchuma, kama embe mtini. Kumfuata mtu au kupokea simu ni pick up.

Mpangilio nao una sheria yake. Nomino inakaa kokote: pick up the child, pick the child up. Kiwakilishi lazima kiingie katikati: pick him up. "Pick up him" ni kosa, hata kama umeeleweka.

Mama Chaki
Sawa mkuu, ila si vyote vinakubali kukatwa hivyo. Look up, kutafuta neno kwenye kamusi, inakatika: look it up. Look after, kutunza, haikatiki: look after her.

Na wanaoandika barua za kazi: look forward to hearing from you, si "to hear". Hiyo to ni kihusishi, kwa hiyo kinachofuata ni nomino au kitenzi chenye -ing.

Kibarua wa Lugha
Put off na call off zinaleta balaa ofisini. Kikao kilichoahirishwa ni put off, kina tarehe nyingine: put off till Friday. Kilichofutwa ni called off, basi tena. Ukiziandika kinyume, ama watu wanapanga siku ambayo haipo, ama Ijumaa hatokei mtu.

Give in na give up pia. Give in inataka mtu anayekushinikiza: mtoto kalilia soda mpaka mzazi kampa, she gave in. Give up ni kuacha jambo lenyewe: give up smoking. Ukitaka kumtaja aliyekushinda, weka to: give in to him.

Nyani Mzee
"Cope up with" haipo, jamani. Ni cope with. Hiyo up imeponyoka kutoka keep up with, kwenda sambamba, na put up with, kuvumilia.

Fomu ni fill in, Wamarekani hupenda fill out. Fill up ni tangi la mafuta.

Mama Chaki
Sukari ikiisha: we have run out of sugar, au the sugar has run out. Kwenye hiyo ya pili of haina kazi.