Miungu wa kike wa Ugiriki na Roma: jozi zipi hazitaleta ubishi kwenye chemsha bongo?

Mtunga_Maswali, Buruburu
Wadau, hamjambo. Jumamosi ijayo kuna chemsha bongo ya vijana huku Eastlands, na duru moja ni ya miungu wa kike. Msomaji anataja jina la Kigiriki, timu inajibu kwa la Kirumi, alama moja. Nina Hera–Juno, Athena–Minerva, Aphrodite–Venus, Artemis–Diana na Demeter–Ceres. Nataka kufika ishirini. Niongeze zipi bila timu kukata rufaa?

Karani_wa_Ngara
Hizo tano ni imara. Ongeza Hestia–Vesta, Persephone–Proserpina, Nike–Victoria, Eos–Aurora, Selene–Luna, Tyche–Fortuna, Eris–Discordia, Hebe–Juventas, Eirene–Pax na Leto–Latona. Tayari una kumi na tano.

Shida itatoka kwa msomaji. Eos ni alfajiri, Eris ni ugomvi, na Eros ni mwanamume, mungu wa mapenzi ambaye Warumi walimwita Cupido. Kwenye ukumbi wenye kelele majina haya matatu hayatofautiki. Usiyafuatanishe, na msomaji ataje herufi mojamoja. Nike asomwe ni-ke, silabi mbili. Akisema "naiki" watu watafikiria viatu vya soko la Gikomba.

Bibi_Maktaba
Karani amesema vyema. Mimi nitaje za kuepuka, maana ndiko rufaa zinakotoka.

Hecate: timu moja itasema Trivia, nyingine Diana, na zote zina haki, kwa kuwa washairi wa Kirumi walimwita Diana pia Trivia. Themis: wengi hujibu Justitia, lakini Justitia hulinganishwa vilevile na Dike, binti wa Themis. Rhea: jibu la vitabuni ni Ops, ila Wagiriki walikuwa wamemchanganya Rhea na Cybele, na Cybele huyo Warumi walimleta kutoka Asia Ndogo mwaka 204 KK wakamwita Magna Mater. Achana naye kabisa. Gaia anafaa ukikubali Terra na Tellus, yote mawili.

Ndugu Mtunga, kumbuka Warumi hawakuwa wakitafsiri orodha ya Wagiriki. Walikuwa na miungu yao, kisha wakawalinganisha na wale wa jirani. Minerva anafanana na Menrva wa Waetruria, majirani wa Roma, na alikaa na Jupiter na Juno katika hekalu moja juu ya kilima cha Capitolino. Kwa kawaida Athena hakukaa hivyo na Zeus na Hera. Ndiyo maana swali la "ni nani kwa Kirumi?" hukwama kila unapotoka kwa wale wakubwa.

Mtunga_Maswali, Buruburu
Asante sana, Bibi. Sasa nafasi tano zilizobaki nizijaze na nini? Nilifikiria "mwezi wa Juni umepewa jina la nani?"

Bibi_Maktaba
Hilo usiliweke. Ovidius, mshairi wa Kirumi, katika shairi lake la kalenda, anawaleta Juno, Juventas na Concordia, kila mmoja akidai mwezi ni wake, na yeye mwenyewe anakataa kuamua.

Uliza kazi na mahali, jibu liwe moja:
– Moto wa nani ulitunzwa Roma na makuhani wanawake sita, kila mmoja kwa miaka thelathini? Vesta.
– Hekalu la nani mjini Roma lilikuwa kando ya kiwanda cha sarafu? Juno, "Juno Moneta" ipokelewe pia.
– Augusto aliweka madhabahu ya nani ndani ya Seneti mwaka 29 KK? Victoria.
– Mungu wa kike wa Kirumi wa matunda, asiye na mwenzake wa Kigiriki? Pomona.

Karani_wa_Ngara
La tano liwe Enyo–Bellona, vita. Liweke mwisho, kwa sababu ni gumu. Na kwenye karatasi ya mwamuzi andika majibu yote yanayokubalika mapema, Kore kando ya Persephone na Athene kando ya Athena, ili asiamue papo hapo huku timu zikimpigia kelele.