Mnatukata posho kwa vishikwambi visivyo na GPS, tukipotea mnasema dereva mzembe

Wakuu, naleta hili kwa madereva wenzangu wa njia ya Zambia na Kongo, na kwa matajiri wenye magari kama wanasoma humu.

Kampuni ninayoendeshea ilitugawia vishikwambi pale yadi. Tukaambiwa kila mtu asaini, ni vya ramani, hela itakatwa kwenye posho kidogo kidogo. Hakuna dereva aliyeulizwa anataka nini. Tulipovifungua tukakuta havina sehemu ya kuweka laini, ni vya waifai tu. Mjini Dar ukiunganisha na simu ramani inafunguka vizuri, kidoti cha bluu kinakaa pale ulipo. Ukitoka nje ya mji, kidoti kinaganda. Unafika Mikumi, chenyewe kinakuonyesha bado uko nyuma. Havina GPS ndani, yaani kipokezi cha satelaiti cha kujua ulipo! Mjini vilikuwa vinakisia mahali kwa waifai za watu na intaneti ya simu.

Na mjue, Dar mpaka Tunduma hakuna dereva wa semi anayehitaji ramani. Mzani wa Vigwaza, Mikese, mlima Kitonga, Makambako, tunavijua hata tukiamshwa usingizini. Ramani tunaihitaji kule mwisho. Umevuka Nakonde, umeshafika Ndola, unapigiwa simu kwamba Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, foleni imezidi, kata upitie Mufulira uvukie Mokambo. Au umeshaingia Kongo, mzigo wa salfa unaenda mgodi ambao hujawahi kuufikia, mbele ya Likasi, vibao vyote Kifaransa. Laini ya Tanzania huko haina bando. Hapo ndipo ramani isiyotegemea intaneti inapotakiwa kufanya kazi, na ndipo hivi vishikwambi vinapokufa.

Mwenzetu mmoja aliingia mtaa wa makazi usiku, gari na tela lake, hakuna pa kugeuzia. Akakwangua nyaya za umeme, watu wakajaa, akalipishwa palepale ndipo akaachiwa. Aliporudi ofisini jibu likawa: ulipewa kifaa, mzembe wewe. Akakatwa na hiyo tena juu ya makato ya kishikwambi. Mimi sijaona dhuluma kama hii.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba gari lenyewe limefungwa kifaa cha kulifuatilia. Tajiri akiwa Dar anaona gari liko wapi, linatembea spidi gani, na ukisimama kidogo simu inaita, "mbona umesimama?" Kwa hiyo GPS ya kumlinda dereva asiibe mafuta hela yake ipo. Ya kumwonyesha dereva njia haipo?

Na wauzaji wa Kariakoo nao wabebe lawama yao. Ukimuuliza kijana wa dukani kama kina GPS anakujibu kina kila kitu bosi. iPad za waifai pekee hazina GPS, ni zile za kuweka laini ndizo zinazo. Za Android zinatofautiana, nyingine za waifai zinayo na nyingine hazina, lazima ujaribu. Usikubali kujaribu ndani ya duka. Weka programu ya GPSTest, toka nje penye anga wazi, zima waifai na data, subiri. Kama ina GPS utaona satelaiti zinaanza kutokea. Bila intaneti mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa, usikate tamaa haraka, lakini usipoona hata moja, rudisha. GPS inapokea tu mawimbi ya satelaiti, haili bando hata senti.

Kuna na hivi vilivyoandikwa hifadhi ya GB 512 kwa bei ya kutupwa. Namba imechezewa. Ukijaza ramani na mafaili kidogo tu, yanaanza kuharibika, na utagundua ukiwa porini.

Upande wa ramani, Google Maps unaweza kupakua eneo ukaliendesha bila mtandao, lakini haina hesabu ya lori, itakupitisha popote gari dogo linapopita, na usipoisasisha ramani inaisha muda wake. OsmAnd, programu nyingine ya ramani, ina chaguo la lori, unaingiza kimo na uzito wa gari lako. Ya bure ina kikomo cha kupakua ramani mara saba, na sisi tunahitaji nchi tatu tu, inatosha. Ila inajua kile watu walichochora. Daraja lenye kimo kifupi ambalo hakuna aliyeliandika, nayo hailijui, kwa hiyo macho yako yabaki barabarani.

Chaji nayo: magari yetu ni volti 24. Chaja ya gari dogo ya volti 12 tupu itaungua, chukua iliyoandikwa 12–24, na iwe yenye nguvu, maana zile dhaifu kioo kikiwaka na GPS ikifanya kazi asilimia zinashuka huku umechomeka. Na dashibodi ya mchana inapika betri mpaka inavimba. Samsung Galaxy Tab Active5 betri inatoka, na ina mpangilio wa kuendeshwa na umeme wa gari bila betri kabisa. Bei yake imesimama, najua. Lakini nyaya alizolipa mwenzetu nazo hazikuwa bure.

Tunachodai ni kidogo. Kifaa cha kazi anunue mwenye kazi, dereva akijaribu kwanza kabla hakijalipiwa, na makato ya hivi vilivyopo yarudishwe. Karatasi ya pili ya makato imeletwa wiki hii, mimi sijaisaini na wenzangu kadhaa hawajaisaini.

Walioko njia ya Kolwezi, semeni mnatumia kifaa gani na kinashika vipi mkishapita Likasi. Na mliokatwa kama sisi, andikeni hapa, majina ya kampuni yaacheni.