Tupeane uzoefu: Profesa wetu wa bayolojia na mambo aliyoyapenda nje ya darasa

Ndugu zangu tuliopita mikononi mwa Profesa, salaam. Tangu atutoke nimesoma tanzia kadhaa, na karibu zote zinaorodhesha shahada zake, kamati alizokalia na tasnifu alizosimamia, kana kwamba alikuwa akizimwa kama taa kipindi kinapokwisha. Naomba kila mmoja wetu aeleze alimkuta wapi nje ya darasa na alikuwa akifanya nini. Jina lake tusilitaje, kwa kuwa familia imeomba hivyo.

Naanza mimi. Siku ya kwanza ya mwaka wetu wa kwanza hakutuuliza shule tulizotoka, bali alituuliza miziro yetu, yaani viumbe ambavyo kila ukoo wa Buganda huviheshimu na haviliwi na watu wake. Aliyekuwa wa ukoo wa Ffumbe alipewa kazi ya kumsoma fungo, anakula nini, anatoka saa ngapi, na kwa nini huenda haja mahali pale pale kila mara. Wa Ngabi akapewa pongo. Wa Mmamba akapewa kamongo, samaki mwenye mapafu ambaye maji yakikauka hujizika matopeni akasubiri mvua. Mimi ni Mnubi wa Bombo na sina muziro, kwa hiyo nilidhani nimeponea chupuchupu, lakini akanitaka nimlete mnyama ambaye bibi yangu alimwogopa kuliko wote. Nikaleta bundi. Bibi alipopata habari kwamba chuo kinanifundisha mambo ya bundi, alimpelekea Profesa salamu kali, naye Profesa akaenda Bombo kumwamkia, akakaa mkekani hadi magharibi akiandika kila alichokisikia. Mapenzi yake kwa miziro hayakuwa mbinu ya kufundishia tu. Alikuwa na madaftari yaliyojaa majina ya wanyama katika lugha za Uganda, na alikuwa akiyaongeza hata kwenye arusi na matanga.

Mchangiaji wa Entebbe

Ahsante, kaka, kwa kuanzisha jambo hili. Mimi nilimfahamu zaidi kwa safari za Mabamba, ambako alikuwa akikodi mtumbwi Jumapili alfajiri ili kumtafuta korongo-nyangumi, ndege mkubwa wa vinamasini, katikati ya mafunjo. Leo jina la Mabamba linajulikana, maana mwaka 2006 kinamasi hicho kiliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na watalii wanakwenda. Yeye alianza kwenda kabla ya hapo, kwa fedha zake, akiwa na buti za mpira, darubini ya zamani na chupa ya chai ya tangawizi. Hakujua kuogelea, jambo lililomtia mkewe hofu kuliko lilivyomtia yeye.

Wavuvi wa pale walimhesabu ndege huyo kuwa nuksi: ukikutana naye asubuhi, siku hiyo hupati kitu, na kwa imani hiyo baadhi ya ndege waliuawa. Profesa hakuwabishia wala hakuwaita wajinga. Aliwauliza wanavua nini, wakamjibu kwamba ni kamongo. Akawauliza ndege naye anakula nini, wakakubali kwamba ni kamongo huyo huyo. Ndipo alipowaeleza kwamba ndege yule husimama mahali penye samaki, na kwamba anayemwona amefika kwenye chakula na si kwenye mkosi. Sitasema kwamba wote walishawishika siku ile. Mzee mmoja alimjibu kwamba kama ndege amefika kwanza, basi samaki ameshaliwa, na Profesa alicheka hadi mtumbwi ukayumba. Baadaye, watu wa vijiji vile walipoanza kupata kipato kwa kuwapeleka wageni kumwona ndege, nuksi iligeuka kuwa riziki, na nadhani hilo lilifanya kazi kubwa kuliko hoja ya mtu yeyote, Profesa akiwemo.

Mchangiaji wa Nebbi

Naheshimu yaliyosemwa, ila naona tumeanza kumgeuza Profesa awe mtu ambaye kila alichogusa kilikuwa somo la bayolojia. Mimi ni Mwaluri, na nilimjua kwa sababu ya adungu. Alikuja kwetu West Nile kwa utafiti wa mimea, akasikia kinubi kile arusini, na tangu hapo mimea ikawa kisingizio. Alijifunza kupiga kwa fundi mmoja ambaye hakujua Kiingereza, nao wawili walielewana kwa Kiswahili, cha fundi kikiwa cha jeshini na cha Profesa kikiwa cha vitabuni.

Hakuwahi kuniambia kwamba nyuzi zinamkumbusha misuli, wala kwamba mlio unamkumbusha ndege. Nilipomuuliza siku moja kama muziki unamsaidia kufikiri, alinijibu kwamba muziki unamsaidia kutofikiri. Na kusema kweli hakuwa mpigaji hodari; mkono wake wa kushoto ulichelewa daima, na watoto wa fundi walimcheka waziwazi. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa lililojaa alikubali kuwa mwanafunzi wa mwisho katika ua wa watu, akarudi tena likizo iliyofuata. Hilo ndilo ninalolikumbuka mimi, na sitaki lifungwe ndani ya bayolojia.

Mchangiaji wa Jinja

Namuunga mkono ndugu wa Nebbi. Nimesikia wakisema kwamba Profesa alitumia mweso, yaani bao letu la Uganda, kufundishia hesabu za ongezeko la wanyama. Nilicheza naye miaka mingi chini ya mwembe nyuma ya maabara, pamoja na walinzi na dereva wa idara, na sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Ubao ulikuwa na mashimo 32, kete zilikuwa 64, na mazungumzo yalikuwa ya mpira na bei ya matoke. Mnaoujua mchezo huu mnajua kwamba hushindwi kwa kumalizikiwa kete. Unashindwa pale usipobaki na shimo hata moja lenye kete mbili, kwa kuwa huna tena pa kuanzia. Dereva alimfikisha hapo mara nyingi, na hakuna aliyempunguzia adhabu kwa sababu ya uprofesa wake.

Mchangiaji wa Masaka

Mimi nina fupi. Mwezi wa Novemba alikuwa akija kwetu usiku kuangalia wanaotega senene, penye taa kali, moshi, na mabati yaliyosimamishwa juu ya mapipa. Alisema anakuja kuchunguza rangi zao, kwa kuwa wapo wa kijani na wapo wa kahawia katika kundi moja. Anayetaka kuamini kwamba ni uchunguzi tu aamini, lakini mimi nilimwona akinunua wa kukaanga, na mara moja alinunua mfuko mzima akamaliza kabla gari halijafika Lukaya.

Mchangiaji wa Kampala, aliyekuwa fundi wa maabara

Wanangu, nyote mmesahau kalooli, wale korongo wakubwa wa majalalani. Kampala nzima inawalaani ndege hao kwa harufu na kwa uchafu wanaoumwaga juu ya magari, lakini Profesa aliwapenda, na alikuwa akituambia kwamba wanakuja kwa sababu ya takataka zetu na mabaki ya machinjio, hivyo anayewachukia aanze na jalala lake. Kila msimu wa kuzaliana alizunguka mjini kwa baiskeli akihesabu viota mti kwa mti, na mti ukikatwa aliandika pia. Kazi hiyo hakutumwa na mtu na hakulipwa. Madaftari niliyoyaona mimi yalikuwa na jalada la bluu, na mengine alikuwa akiwaazima wanafunzi.

Mwanzilishi

Mzee wangu, ahsante. Hilo la madaftari ni zito. Nimezungumza na binti yake, naye anasema nyumbani yamebaki ya miziro tu, wala hajaona hata moja la kalooli. Ndugu wa Nebbi, adungu ipo na familia imekubali irudi kwa watoto wa fundi, tafadhali wasiliana nami kuhusu usafiri. Aliyeazimwa daftari la bluu na hakulirudisha, asione haya baada ya miaka yote hii: alifikishe kwa fundi wetu wa maabara, ambaye ameahidi kuyapanga kwa mwaka na kuyapeleka idarani yakikamilika, au hata yasipokamilika. Wengine endeleeni, hasa mliokuwa naye katika kambi ya Kanyawara kule Kibale, maana bado hakuna aliyezungumzia mapishi yake.