Mtakatifu Nuno wa Ureno, ni kweli alikua mtoto wa nje ya ndoa?

Mama_wa_Ipuli:
Habari zenu wapendwa. Nipo Tabora, kijana wangu ana miaka 14 na mwaka huu anapokea kipaimara. Wameambiwa kila mmoja achague mtakatifu wa kumsimamia, asome maisha yake afu aje asimulie mbele ya wenzake. Wengine wamechukua Petro, Karoli Lwanga, Fransisko, wangu kaja na Nuno Álvares Pereira, kashaliandika kabisa juu ya daftari la dini kwa kalamu ya bluu na ile alama ya juu ya A kaiweka. Nikamuuliza umemtoa wapi, akasema mama huyu alizaliwa kama mimi.

Niwe muwazi, mwanangu nilimpata kabla ya ndoa. Baba yake yupo Kigoma, ada analeta lakini jina lake hajampa, mtoto anatumia jina la baba yangu mimi. Na kuna mtu kwenye jumuiya alishawahi kusema mbele yake kwamba watoto wa nje hawana baraka, hilo neno halijamtoka mpaka leo. Kwahiyo naomba mwenye kujua anisaidie, huyu mtu wazazi wake ni akina nani, alioa, aliacha ukoo? Sitaki akasimame pale aseme kitu ambacho sio.

mzee_wa_ujiji:
Mama pole, na huyo kijana mpe salamu zangu, kachagua vizuri. Nimefundisha historia miaka mingi huku Kigoma, ngoja nikueleze.

Ni kweli kabisa alizaliwa nje ya ndoa. Tarehe 24 Juni 1360. Baba yake Álvaro Gonçalves Pereira alikua kabaila mkubwa, mkuu wa Shirika la Hospitali la Mtakatifu Yohane kwa upande wa Ureno, yani mtu wa nadhiri, kuoa hakuruhusiwa, lakini watoto alikua nao wengi mno. Na huyo baba mwenyewe alikua mtoto wa askofu mkuu wa Braga! Mama yake Nuno aliitwa Iria Gonçalves do Carvalhal. Sasa sikiliza hapa mama, mwaka 1361 mtoto hajamaliza hata miaka miwili, baba akaenda kwa mfalme Pedro I akaomba mtoto ahalalishwe, mfalme akatoa hati. Toka siku hiyo Nuno akawa na jina la baba na haki zote, akalelewa kikabaila, na alipofika miaka 13 akapelekwa ikulu.

Kuoa alioa akiwa na miaka 16, tena yeye hakutaka, baba ndo alimsukuma. Mke alikua Leonor de Alvim, mjane mwenye mali. Wakapata watoto watatu, wawili wa kiume wakafariki wadogo akabaki binti mmoja tu, Beatriz. Leonor nae akafariki Nuno hajafika hata 30, mfalme akataka kumuozesha tena akakataa mpaka mwisho.

binti_kasulu:
Shikamoo mzee. Mie naomba kuuliza kuhusu vita, maana nimesoma kwamba aliua watu wengi, sasa mtu wa upanga anakuaje mtakatifu? Siulizi kwa ubaya.

mzee_wa_ujiji:
Marahaba binti yangu, swali lako ni la haki.

Mfalme Fernando alikufa 1383 hana mtoto wa kiume, binti yake kaolewa na mfalme wa Castilla, nchi jirani ambayo leo ni sehemu ya Hispania, kwahiyo Ureno ilikua inamezwa hivihivi inajiona. Wareno wakamshika João, mkuu wa shirika la Avis, ndugu wa marehemu kwa baba, awe mfalme wao, na huyu nae mtoto wa nje! Nuno akasimama nae. 1384 akashinda vita vya Atoleiros, askari wake aliwashusha kwenye farasi wakapigana kwa miguu. Agosti 14, 1385 ikaja Aljubarrota, Wareno wachache dhidi ya jeshi kubwa la Castilla, na wakashinda. Ila upande wa Castilla walikuwepo ndugu zake wa baba mmoja, Pedro na Diogo, na wote wawili walikufa siku ile. Hapo mimi hua nasimama kidogo nikifundisha. Mwenye kaka anajua.

Mkuu wa majeshi yote alishafanywa mwaka huohuo 1385 kabla ya Aljubarrota, na baada ya vita akawa mwenye ardhi kubwa sana. Lakini 1423 akagawia wajukuu mali yote akaingia kwa watawa Wakarmeli Lisbon, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, wala sio kama padri, aliingia kama mtumishi tu, akawa anagawa chakula kwa maskini mlangoni. Akafa humo 1431. Kwahiyo utakatifu hakuupata kwa upanga binti yangu, aliupata pale mlangoni.

mvuvi_kibirizi:
Naongeza kitu. Alitangazwa mtakatifu Aprili 2009 na Papa Benedikto XVI, na muujiza uliokubaliwa ulikua wa mama mmoja huko Ureno alirukiwa na mafuta ya moto jichoni akikaanga samaki, akaomba kwa Nuno akapona. Sisi huku tunaokaanga migebuka kila siku tunajua mafuta yakiruka yanafanyaje.

Na ukoo ndo usiseme. Yule binti Beatriz aliolewa na Afonso, mtoto wa nje wa huyohuyo mfalme João, na Afonso ndo Duke wa kwanza wa Bragança. Uzao wao ukaja kutawala Ureno kuanzia 1640 mpaka 1910. Tena mjukuu wake Nuno aliitwa Isabel, huyo akazaa binti aliyeolewa na mfalme wa Castilla, na hao ndo wazazi wa malkia Isabel aliyemtuma Columbus 1492. Yani nchi aliyopigana nayo ujana wake wote ikaja kutawaliwa na kilembwe chake. Mwambie kijana ahesabu mwenyewe: mfalme João, Nuno, Afonso, wote watatu wa nje. Ajitokeze sasa huyo aliyesema hawana baraka.

Mama_wa_Ipuli:
Shikamoo mzee wangu, asanteni sana wote, nimemsomea yote tukiwa tumekaa hapa chini ya mwembe, kimya kimya anaandika. Ile hati ya mfalme ameirudia mara mbili. Nami leo nimempigia baba yake nikamuelezea, akasema atapanda treni aje tuongee na wazee kuhusu jina. Nilijua mwanangu ataanza na vita kama vijana wote, nimechungulia daftari, mstari wa kwanza kaandika "Mama yake aliitwa Iria."