Naomba ushauri: Nitatofautishaje mnavu na mmea wenye sumu katika misitu ya Ujerumani?

Mama wa Wawili
Salamu kwenu nyote. Tumehamia kusini mwa Ujerumani tukitokea Arusha, na nyumba yetu imepakana na msitu ambao wenyeji huingia kila mwisho wa kiangazi kuchuma matunda ya porini. Wanangu, ambao kwa bibi yao walizoea kula vitunda vyeusi vya mnavu vilivyoiva, wameona msituni mmea wenye vitunda vyeusi vinavyong'aa, nao wanashikilia kwamba huo ni mnavu. Jirani aliwakataza kwa ukali akataja jina Tollkirsche. Naomba mwenye ujuzi anieleze nitautambuaje mmea huo, na ni matunda gani naweza kuwaruhusu wachume.

Mfamasia wa Tanga
Dada, mshukuru sana jirani yako. Mmea huo, ambao wataalamu huuita Atropa belladonna, ni wa jamii moja na mnavu, nyanya na mnanaha, kwa hiyo si ajabu watoto kuufananisha. Tazama kwanza namna vitunda vilivyoshikana na tawi. Mnavu huzaa vichala, vitunda kadhaa vikining'inia kwenye kikonyo kimoja, na kila kimoja ni kidogo kama njegere. Tollkirsche huzaa kimoja kimoja. Kitunda hukaribia ukubwa wa cheri, nacho hukalia vijani vitano vya kijani vilivyotandazwa kama nyota, ambavyo ncha zake huchomoza nje ya tunda lenyewe. Maua nayo hayafanani hata kidogo, kwa maana ya mnavu ni meupe yenye kitovu cha njano, ilhali ya Tollkirsche yana umbo la kengele na rangi ya zambarau iliyofifia.

Usikubali mtu akuambie uonje kwanza, kwani kitunda hicho kina utamu, na vichache tu vyaweza kumuua mtoto. Wala usifuate ndege, maana wapo wanaokula vitunda hivyo wasidhurike.

Mkazi wa Stuttgart
Kwa matunda ya kuwaruhusu wachume, anza na Brombeere (beri nyeusi). Kila tunda limeundwa kwa vipunje vingi vilivyobanana na matawi yake yana miiba, umbo ambalo Tollkirsche haina kamwe. Heidelbeere (bluberi ya porini) wakuachie wewe mwenyewe uchume: kichaka chake hakifiki hata magotini, kitunda kina vumbi jepesi la kibuluu, na kichwani pana kiduara kilichobonyea. Tollkirsche huweza kufika kifua cha mtu mzima.

Mama wa Wawili
Asanteni sana. Je, ikitokea mtoto amekwisha kula?

Mfamasia wa Tanga
Piga 112, namba ya dharura, papo hapo bila kungoja dalili, kwa sababu huweza kuchelewa. Sumu ya atropini iliyomo hukausha kinywa, hutanua mboni za macho hata mtoto akashindwa kuvumilia mwanga, huyaendesha mapigo ya moyo mbio, hufanya ngozi iwe nyekundu na ya moto, kisha mtoto huanza kuweweseka na kuona visivyokuwapo. Mtoe kinywani mabaki yote, lakini usimlazimishe kutapika. Beba tawi lenye majani na vitunda, au walau picha yake, ili daktari ajue anachokabiliana nacho. Hospitalini wanayo dawa ya kuipinga sumu hiyo.

Mkulima wa Lushoto
Naongeza jambo moja ambalo hata huku nyumbani tunalipuuza: vitunda vya mnavu vikiwa bado vibichi vina sumu iitwayo solanini, nayo huleta maumivu ya tumbo na kutapika. Watoto wasiviguse mpaka viive kabisa.

Mama wa Wawili
Kuna miche imejiotea kwenye tuta langu la mboga, na majani yake ni ya mnavu mtupu. Naweza kuyapika?

Mkulima wa Lushoto
Mama, majani peke yake hayatoshi kuwa ushahidi. Uache mche mmoja utoe maua na vitunda, uulinganishe na maelezo ya mfamasia hapo juu, kisha umwonyeshe jirani yako. Mkiafikiana ni mnavu, uchume majani machanga, uyachemshe na kumwaga maji yake, ndipo uyaunge.